Edamame, Dengu, Soya Kavu au Njegere: Ulinganisho kwa Mwenye Kikaangio cha Hewa

Mtu akishanunua kikaangio cha hewa, ambacho wauzaji wengi wanakiita eafraya tu, huanza na chipsi na vipapatio vya kuku. Baada ya majuma machache hutafuta kitafunwa cha jioni kitakachochukua nafasi ya karanga na zile krispi za mihogo zenye pilipili na ndimu, na hapo ndipo hukutana na jina la edamame, yaani soya changa ya kijani. Edamame husifiwa kwa protini yake nyingi na kwa namna inavyokauka kwa kijiko kimoja cha mafuta, na sifa hizo ni za kweli. Hata hivyo haipatikani katika kila duka. Kwa sisi wa Afrika Mashariki mara nyingi huwa ndani ya friza za maduka makubwa, ikiwa imegandishwa na imesafiri mbali, wakati gunia la dengu na gunia la soya kavu yako wazi sokoni. Kwa ndugu zetu walioko Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba hali ni tofauti, kwa sababu huko edamame ya kugandishwa ni bidhaa ya kawaida.

Nimezikausha zote nne mara nyingi katika jiko langu, yaani edamame, dengu, soya kavu na njegere, nikizipima kwenye mizani ya jikoni kabla na baada. Msimamo wangu ni kwamba asiangalie mtu sifa ya jina, aangalie maji yaliyomo ndani ya punje na kile kinachobaki maji hayo yakishatoka. Ukilijua hilo, unajua pia ni ipi itakayokupa ukavu unaodumu, ni ipi itakayokupa protini kwa fedha kidogo, na ni ipi ya kuliwa papo hapo ikiwa moto.

Kinachobaki maji yakitoka

Edamame ni soya ileile tunayoijua, ila huvunwa ikiwa bado changa, wakati ganda ni la kijani na punje zimejaa lakini hazijaanza kukauka shambani. Jina ni la Kijapani na maana yake ni maharage ya tawini, kwa kuwa yaliuzwa yakiwa bado yameshikamana na vitawi vyake. Huko Japani njia ya kawaida ni kuyachemsha pamoja na maganda, kuyatia chumvi, na mlaji kuzifyonza punje kutoka ndani ya ganda kwa meno. Kwa hiyo tunapoitia edamame kwenye kikaangio mpaka ivunjike kau mdomoni, tunaitaka punje yenye maji mengi ifanane na karanga, na hilo lina gharama yake.

Edamame iliyopikwa ina maji yapatayo asilimia 73 ya uzito wake. Dengu zilizochemshwa zina takriban asilimia 60, soya kavu ikisharowekwa na kuchemshwa hufikia asilimia 63 hivi, na njegere za kijani zilizopikwa zina karibu asilimia 78. Maana yake ni kwamba ukitia gramu 300 za kila moja kwenye kikapu, chakula chenyewe kisicho maji ni gramu 81 kwa edamame, 120 kwa dengu, kama 111 kwa soya kavu na 66 tu kwa njegere. Mizani yangu imekuwa ikithibitisha hesabu hiyo bila kukosea sana: mfuko wa gramu 300 wa edamame, baada ya kuongezewa kijiko kimoja cha chai cha mafuta na kukaushwa mpaka mwisho, hunipa gramu 95 hivi, ambazo ni bakuli dogo la watu wawili. Mwenye wageni sita na mfuko mmoja wa edamame atajikuta anaona haya.

Kuhusu protini, hapa ndipo wengi wanapopotoshwa na namba zilizoandikwa kwenye pakiti. Edamame iliyopikwa ina protini karibu gramu 12 katika kila gramu 100, na dengu zilizochemshwa zina karibu gramu 9, kwa hiyo tofauti inaonekana ndogo. Lakini hatuli punje zenye maji, tunakula punje kavu. Maji yakitoka, protini hufikia kiasi cha asilimia 44 ya kilichobaki kwenye edamame, wakati kwenye dengu ni asilimia 22 tu, yaani nusu yake. Soya kavu iliyochemshwa nayo hufikia asilimia 48 kwa hesabu hiyohiyo. Anayetafuta protini pekee, kwa mfano mtu wa mazoezi au mtu aliyepunguza nyama, hana sababu ya kulipia gharama ya edamame ikiwa soya kavu iko karibu naye na ana subira ya kuiroweka. Anachokilipia kwenye edamame ni utamu wake wa asili, ulaini wa punje changa, na muda anaookoa.

Edamame: njia mbili, na mtu achague moja kabla ya kuwasha

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu edamame ndiyo inayoharibika kirahisi kuliko zote nne.

Nunua iliyokwisha kumenywa. Ile yenye maganda yake ni nzuri kwa kuchemsha, lakini ganda la nje halilainiki hata likae ndani ya kikaangio saa nzima, na viungo vyote hubaki juu yake. Edamame ya kugandishwa kwa kawaida imeshapitishwa kwenye maji ya moto kiwandani, ila soma maelekezo ya pakiti, kwa sababu soya mbichi ya aina yoyote haifai kuliwa: ina viini vinavyozuia mwili kusaga protini, na moto ndio unaovivunja. Mimina punje kwenye chujio, pitisha maji ya uvuguvugu mpaka barafu iishe, kisha zitandaze juu ya taulo safi, zifunike kwa kitambaa kingine na uzibonyeze polepole kwa viganja. Halafu ziache wazi nusu saa, ikiwezekana chini ya feni. Taulo likiwa bichi, libadilishe. Hatua hii ikirukwa, dakika za kwanza kikaangio kitakuwa kinavukiza maji ya juu tu, na punje itaiva kama iliyochemshwa badala ya kukauka.

Baada ya hapo kuna njia mbili, na matokeo yake hayafanani hata kidogo. Ya kwanza ni moto mkali wa nyuzi 200 za Selsiasi kwa dakika 10 hadi 12, ukitikisa kikapu mara mbili. Punje hutoka na madoa ya kahawia juu, ganda lake jembamba limekakamaa, lakini ndani bado ni laini na tamu. Hii ni ya kula ikiwa moto, pamoja na wali au juu ya saladi, na haifai kabisa kuwekwa mpaka kesho. Njia ya pili ni moto wa wastani, nyuzi 170 hadi 180, kwa dakika 20 hadi 25, ukitikisa kila baada ya dakika tano. Hii ndiyo inayotoa punje kavu mpaka moyoni. Nilijaribu kuzichanganya njia hizi, nikaacha edamame kwenye nyuzi 200 kwa dakika 20 nikidhani nitapata ukavu kwa haraka, na nilichopata ni punje zilizoungua juu, chungu, na zenye unyevu katikati. Maji yanahitaji muda kutoka ndani hadi nje, na moto mkali hauwezi kuyaharakisha bila kuliunguza ganda.

Sikio husaidia kuliko saa. Mwanzoni, ukitikisa kikapu, punje hutoa mlio mzito na wa kunata, kama kokoto zenye udongo. Kadiri zinavyokauka mlio unakuwa mwepesi, na mwisho husikika kama mahindi makavu yanayotikiswa ndani ya kopo. Rangi nayo hubadilika, ile kijani ya kung'aa ikafifia kuwa kijani yenye ukahawia, jambo ambalo haliepukiki. Anayetaka edamame ibaki kijani kibichi asiikaushe. Toa punje mbili, zipoze kwa dakika moja juu ya sahani, kisha tafuna, kwa sababu punje ikiwa moto huhisiwa laini hata kama imekwisha kukauka, na wengi huziunguza kwa kutoijua tabia hiyo.

Mpwa wangu wa miaka tisa alipoziona mezani kwa mara ya kwanza alichukua moja akaigeuzageuza. "Mama mdogo, mbona hizi karanga ni za kijani?" Nilimwambia aonje kwanza. Alirudi kuchukua kiganja kizima, na tangu siku hiyo anaziita karanga za kijani, jina ambalo si baya kwa kitu kinachovunjika kama karanga na chenye mafuta chini ya nusu ya yale ya karanga.

Dengu: ukavu unaodumu

Kwanza niseme ninachokiita dengu, kwa sababu jina hili huwachanganya wasomaji wa pande mbili za mpaka. Ninazungumzia zile ambazo unga wake hutengenezewa bhajia, na ambazo kule Shinyanga na Mwanza hulimwa kwa wingi. Zile ndogo za kijani ambazo Kenya wanaziita ndengu, Tanzania tunaziita choroko, na hizo sizilinganishi hapa kwa kuwa zikikaushwa huwa ngumu kama changarawe.

Dengu zenyewe ziko za aina mbili, na kila aina hutoa kitafunwa chake. Kuna zile ndogo za kahawia, zenye ganda nene na umbo lenye kona, ambazo ndizo za mashamba yetu, na kuna zile kubwa nyeupe zinazouzwa kwenye makopo. Za kopo ni rahisi: zichuje, zioshe, zikaushe kwa taulo kama edamame, zitie mafuta kidogo, na kwa nyuzi 200 zitakuwa tayari baada ya dakika 12 hadi 16. Zile ndogo za kahawia zinahitaji kulowekwa usiku kucha na kuchemshwa mpaka zikubali kubonyezwa kwa vidole bila kupasuka, kisha ndipo zikaushwe. Ganda lake nene huzifanya ziwe ngumu zaidi kwa jino, na mwenye meno mabovu atazilalamikia, lakini ladha yake ni nzito na huihisi mdomoni hata baada ya kumeza. Mimi binafsi ninazipenda hizi za nyumbani kuliko zile za kopo. Wakati wa kuchemsha, usitie magadi hata kama ndiyo mazoea yako kwenye maharage, kwa sababu magadi hulainisha ganda likavuka, na dengu zilizopasuka hubadilika kuwa makombo ndani ya kikapu.

Tofauti kubwa kati ya dengu na edamame iko kwenye wanga. Dengu ina wanga mwingi, na wanga ukishakauka huwa mgumu na wa kuvunjika kama biskuti. Soya, iwe changa au kavu, ina wanga kidogo sana. Uzito wake mwingi ni protini na mafuta, kwa hiyo ukavu wake ni wa namna ya karanga, wa kuvunjika na kisha kulainika mdomoni. Kwa sababu hiyohiyo dengu huvumilia makosa. Ukizisahau dakika tatu zaidi bado zinalika, ilhali edamame ukiisahau dakika tatu mwishoni unatupa. Anayeanza kutumia kikaangio cha hewa namshauri aanze na dengu za kopo, azoee mlio na rangi, ndipo anunue edamame.

Soya kavu na njegere

Soya kavu kwetu inajulikana zaidi kwenye unga wa uji wa lishe, na wakulima wa Ruvuma na Njombe wanaifahamu vizuri, lakini ni wachache wanaoikausha kuwa kitafunwa. Kikwazo chake ni harufu ya ubichi, ile inayofanana na harufu ya majani mabichi, na ambayo huwafanya watu waseme soya haina ladha. Harufu hiyo hutokana na kimeng'enya kinachoamka punje inapopata maji, na dawa yake ni maji yanayochemka. Baada ya kuziroweka saa nane hadi kumi na mbili na kuyamwaga maji yale, usizianzishe kwenye maji baridi. Yachemshe maji kwanza mpaka yatokote, kisha zitumbukize humo. Acha zichemke mpaka zilainike, na ukitaka ziwe nyepesi, zisugue kati ya viganja ndani ya maji baridi ili maganda yaelee uyaondoe. Kausha kwa taulo, tia mafuta kidogo tu kwa kuwa soya ina mafuta yake mengi, halafu weka nyuzi 165 hadi 170 kwa dakika 25 au 30.

Ukizila pamoja na edamame zilizokaushwa, utaona kwamba soya kavu haina utamu ule wa punje changa, na rangi yake ni ya kahawia ya dhahabu. Lakini ukavu wake ni imara zaidi, na kilo moja, kwa kuwa huongezeka uzito zaidi ya mara mbili ikirowekwa, hutoa mikaango mingi. Kwa familia yenye watoto wa shule, soya kavu ndiyo ninayoiona ya haki, na nasikitika kwamba tunaipa heshima ya uji tu.

Njegere sitazisemea sana. Zile za kugandishwa hukauka kwa nyuzi 180 kwa dakika 15 hadi 20, hujikunja, na maganda yake mepesi hupeperushwa na feni mpaka kwenye koili na kuungua huko, yakaacha harufu. Zinabaki kidogo mno. Zinafaa kunyunyizwa juu ya supu, lakini kama kitafunwa cha kukaa nacho hazifikii zile tatu.

Kikaangio, oveni au karai

Kikaangio cha hewa ni oveni ndogo yenye koili juu na feni kali inayozungusha hewa ya moto. Philips ndiyo iliyokileta sokoni mwaka 2010, kutokana na ubunifu wa Mholanzi Fred van der Weij, na ingawa leo ziko chapa nyingi, kazi ni ileile. Wakaangaji wa karanga wa barabarani, wanaotumia mchanga wa moto ndani ya karai, watakuelewa kwa haraka ukiwaeleza: mchanga huizunguka karanga kila upande ili isiungue mahali pamoja, na hewa inayokimbia ndani ya kikapu ndiyo mchanga wetu. Ndiyo maana punje zisirundikwe. Zikilala tabaka moja, hewa inapita kati yake. Zikirundikwa tabaka tatu, zile za katikati zinapikwa kwa mvuke wa jirani zake. Katika kikapu cha lita nne au tano, gramu 300 za edamame ndicho kiasi kinachotosha, na kwa mfuko mkubwa ni heri kukaanga mara mbili.

Oveni ya kawaida inaweza kazi hii, hasa kwa dengu, ambazo kwenye nyuzi 200 huchukua dakika 35 hadi 40 juu ya sinia. Faida yake ni nafasi: kilo moja ya dengu huenea kwenye masinia mawili, kwa hiyo mwenye sherehe au biashara ya vitafunwa namshauri atumie oveni bila kusita. Kwa kiasi kidogo, umeme unaopotea ni mwingi. Kikaangio cha wati 1500, hata kama kingewaka mfululizo kwa dakika 25, hakizidi yuniti 0.63, oveni ya wati 2000 inayopashwa dakika 10 kisha ikafanya kazi dakika 40 inaweza kufikia yuniti 1.7. Mtu anayenunua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla ya kutumia, anaiona tofauti hiyo mwisho wa mwezi. Kwa edamame naona kikaangio ndicho chombo chake halisi, kwa sababu upepo huondoa unyevu unaoizunguka punje mara unapotoka, wakati ndani ya oveni isiyo na feni unyevu huo hukaa juu ya sinia na kuilainisha.

Karai la mafuta mengi ni la haraka kuliko vyote, na dengu zilizorowekwa tu bila kuchemshwa zikikaangwa humo ni tamu, siwezi kukana. Lakini edamame iliyogandishwa haiwekwi kwenye mafuta ya moto. Maji yake hulipuka, mafuta yakarukia mikono na uso, na nimeona kovu la namna hiyo kwenye mkono wa mtu wa karibu nami. Huo ndio ulinganisho ambao hauhitaji hesabu ya kalori.

Viungo, na tatizo la ndimu

Chumvi ya unga mwembamba na mafuta hutangulia, vingine vyote vinafuata mwishoni. Unga wa kitunguu saumu na pilipili ya unga vikiwekwa tangu mwanzo huungua kabla punje haijakauka, na uchungu wake hauondoki. Mimi huvitia zikiwa zimebaki dakika mbili, au huvichanganya na punje mara tu zinapotoka, zikiwa bado na mafuta ya kushika unga.

Kwa edamame ladha zinazokaa vizuri ni zile zisizoufunika utamu wake: chumvi na pilipili manga, au unga wa kitunguu saumu na ufuta uliokaangwa kidogo. Sosi ya soya inaleta ladha ya kwao, ila ni maji, hivyo inyunyizwe kijiko kimoja cha chai zikiwa zimebaki dakika nne, ili nayo ikauke. Dengu zinabeba viungo vizito: binzari nyembamba iliyosagwa, giligilani, pilipili kali, hata kidogo cha bizari ya manjano kwa rangi. Soya kavu iko katikati, na mimi huipendelea kwa pilipili na chumvi tu, kama karanga.

Ndimu ndiyo inayotutesa watu wa pwani, kwa sababu kwetu kitafunwa cha pilipili kisicho na ndimu ni nusu ya kitu. Ukikamulia ndimu kwenye punje kavu, kazi yote ya dakika 25 inaharibika ndani ya dakika tano, kwa maana maji yamerudi. Nimejaribu suluhisho mbili na zote zimenifaa. Moja ni kukwangua ganda la ndimu kwa kikwangulio chembamba, ile sehemu ya kijani pekee bila nyeupe iliyo chungu, na kuyachanganya makwangulio hayo na punje wakati kikaangio kimeshazimwa lakini kikapu bado ni cha moto, ili yakauke kwa joto lililobaki. Ya pili ni unga wa embe bichi lililokaushwa, unaopatikana kwenye maduka ya viungo ya Wahindi, ambao una uchachu wote bila tone la maji. Juu ya dengu, unga huo pamoja na pilipili unanikumbusha ladha ya embe bichi la chumvi na pilipili tulilokuwa tukilinunua nje ya lango la shule. Kwa edamame, ganda la ndimu ni bora zaidi, kwa kuwa halina uzito.

Nani ale, na ziwekwe wapi

Punje hizi zikikauka ni ngumu na za mviringo, na mtoto wa chini ya miaka minne asipewe hata moja, kwani zinaweza kumkaba. Soya, changa kwa kavu, ni miongoni mwa vyakula vinavyojulikana kusababisha mzio, kwa hiyo mwenye mzio wa karanga au wa jamii ya kunde aulize daktari kwanza. Katika orodha hii hakuna iliyo nje ya jamii hiyo. Kwa asiyezoea, kiganja kimoja kwa siku ya kwanza kinatosha, kwa sababu nyuzinyuzi zake nyingi husumbua tumbo lisilozizoea.

Kuhusu kuhifadhi, hewa ya pwani haina huruma. Katika Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa, punje zilizoachwa wazi jioni huwa zimenyonya unyevu asubuhi, na edamame ndiyo ya kwanza kulegea, ikifuatwa na soya kavu, kisha dengu. Kosa nililolifanya kwa muda mrefu ni kuzifunika zikiwa na uvuguvugu nikidhani ninazilinda: mvuke uliobaki uligeuka maji ndani ya kifuniko, yakashuka juu ya punje, na kesho yake nilikuta chupa yenye punje zinazotafunika kama gundi. Sasa huzitandaza kwenye sinia pana mpaka ziwe baridi kabisa kwa mguso wa mgongo wa mkono, jambo linalochukua karibu dakika 40, ndipo huzitia kwenye chupa ya kioo iliyokauka, na kufunga kwa nguvu. Dengu zimenidumu siku nne au tano kwa namna hiyo, soya kavu siku tatu, na edamame siku moja, mara chache mbili. Zikilegea, dakika tatu kwenye nyuzi 170 huzirudishia ukavu, ila zirudishwe mara moja tu. Mara ya pili viungo huanza kuungua, na edamame hupoteza utamu ule ambao ndio tulioulipia.